Kauri ukutani: Pambo la kale linalorejea katika nyumba za kisasa

UKUTA mtupu huwasumbua wengi. Nyumba ikishakamilika, rangi ikishapakwa na makochi yakishapangwa, mwenye nyumba huketi akautazama ule ukuta mpana ulio mbele yake, asijue autendee nini. Wapo wanaotundika saa na kalenda, wapo wanaoweka picha za familia, na wapo wanaouachia televisheni kubwa kazi yote ya kuupamba.

Katika miaka ya karibuni, pambo jingine limekuwa likionekana katika nyumba nyingi za mijini, nalo ni kauri. Sahani zilizochorwa maua hutundikwa juu ya meza ya kulia chakula, vigae vyenye nakshi hupangwa nyuma ya jiko, na bakuli za udongo huwekwa katika vishimo vilivyochongwa ukutani na kumulikwa kwa taa ndogo.

Kwa wakazi wa mwambao wa Afrika Mashariki, pambo hili si geni hata kidogo. Ni desturi ya kale iliyosahauliwa na wengi, na sasa inarejea kupitia maduka ya vifaa vya ujenzi na majarida ya nyumba. Hata hivyo, inarejea bila ya maarifa yaliyokuwa yakiandamana nayo, na ndiyo maana si ajabu kusikia sahani imeanguka usiku wa manane, au vigae vimebanduka kabla ya kutimiza mwaka.

Makala haya yanaeleza asili ya pambo hili, aina za kauri, namna ya kuichagua na kuipanga, na zaidi ya yote namna ya kuifunga ukutani ili isilete hasara wala kumdhuru mtu.

Wazee walitanguliza ukuta

Vyombo vya kauri vilianza kuingia katika pwani hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, vikiletwa na majahazi yaliyosafiri kwa pepo za msimu. Vya mwanzo vilitoka Ghuba ya Uajemi, vikafuatiwa na vya China: kwanza vile vya rangi ya kijani kibichi iliyopauka, na baadaye vile vyeupe vilivyochorwa kwa rangi ya buluu.

Vingi kati ya vyombo hivyo vilitumiwa mezani, lakini vingine vilipandishwa ukutani na hata darini. Katika Kilwa Kisiwani, bakuli zilipachikwa ndani ya kuba za msikiti mdogo unaofahamika kwa kuba zake. Katika makaburi yenye nguzo, kama yale ya Kunduchi jijini Dar es Salaam na Mambrui karibu na Malindi, sahani na bakuli za China zilizamishwa katika chokaa ili zing'ae kwenye jua.

Majumbani, kazi hiyo ilifanywa kwa vidaka. Kidaka ni kishimo kilichojengwa ndani ya unene wa ukuta, chenye umbo la mstatili au la upinde, ambamo chombo huwekwa. Katika nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa karne ya 18, ukuta mzima wa chumba cha ndani ulijaa zidaka, kama Waamu waziitavyo, zikiwa zimepangwa safu juu ya safu na kuzungushiwa nakshi za chokaa. Humo zilikaa bakuli, sahani na vitabu.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844, alizieleza kuta za aina hiyo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Anasimulia jinsi vyombo vya kauri na vya kioo vilivyopangwa kwa ulinganifu katika vidaka vyenye rafu, na jinsi wenye nyumba walivyokuwa tayari kulipa bei yoyote ili wapate sahani nzuri ya kuweka hapo.

Karne hiyohiyo ya 19, meli za Ulaya zilileta sahani na bakuli za bei nafuu zilizotengenezwa viwandani, zikiwamo zile za mji wa Maastricht nchini Uholanzi. Hapo pambo lililokuwa la matajiri likaanza kuingia katika nyumba za watu wa kawaida. Hadi leo, wapo mabibi wa Lamu, Mombasa na Unguja walio na sahani za namna hiyo kabatini, wasijue zilivuka bahari lini.

Lipo jambo moja la kuzingatia katika historia hii. Fundi wa Lamu hakusubiri chombo kinunuliwe ndipo atafute mahali pa kukiweka. Ukuta ulijengwa kwanza ukiwa na nafasi ya chombo, na kila kidaka kilikuwa na kipimo chake. Leo mambo yamegeuka: mtu hupita dukani, hupendezwa na sahani sita, huzileta nyumbani, kisha huanza kuzunguka vyumbani na nyundo mkononi. Kosa karibu lote la pambo hili huanzia hapo.

Aina tatu za kauri

Kauri ni jina la jumla la vyombo vilivyofinyangwa kwa udongo na kuchomwa hadi vikawa vigumu. Tofauti yake hutokana na aina ya udongo na ukali wa moto, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua chombo kitumike wapi.

Aina ya kwanza ni vyombo vya udongo wa kawaida. Vile vinavyofinyangwa kwa mkono, kama vyungu vya wanawake wa Kikisi wa kando ya Ziwa Nyasa, huchomwa katika moto wa wazi ambao kwa kawaida haufikii nyuzi joto 1,000 za Selsiasi. Vyombo hivi vina rangi ya joto na uzuri wa asili, lakini hunywa maji na huvunjika kwa urahisi. Mahali pake ni sebuleni au kwenye korido iliyo kavu, wala si bafuni.

Aina ya pili ni vyombo vilivyochomwa katika tanuri kwa nyuzi joto kati ya 1,200 na 1,300 hivi. Udongo wake hushikamana kama jiwe, na ni vizito kuliko vile vya kwanza. Sahani nyingi nene zenye rangi za ardhi zinazouzwa madukani leo ni za aina hii.

Aina ya tatu ni kaure, ambayo hutengenezwa kwa udongo mweupe uliochaguliwa na kuchomwa kwa moto mkali zaidi. Kaure halisi ni nyeupe, ngumu, na ikiwa nyembamba hupitisha mwanga kidogo. Ukiigonga kwa ukucha, hutoa mlio kama wa kengele. Vigae vya aina hii havinywi maji kwa zaidi ya nusu ya asilimia moja ya uzito wake, ilhali vigae vya kawaida vya ukutani vinaweza kunywa zaidi ya asilimia 10.

Juu ya vyombo vingi vya tanuri hupakwa utando mwembamba wa kioo, ambao ndio unaong'aa na kuhifadhi michoro. Tahadhari moja ni muhimu hapa: baadhi ya sahani za mapambo, hususan zile za zamani na zile zenye rangi kali zisizojulikana zilikotoka, huwa na madini ya risasi katika utando huo. Sahani iliyonunuliwa kwa ajili ya ukuta ibaki ukutani. Isishushwe siku ya sherehe na kutiliwa pilau au achari.

Kuchagua ukuta

Kabla ya kununua chochote, mwenye nyumba na aukague ukuta wake. Maswali ni matatu: umejengwa kwa nini, una unyevu, na unaonekana kutoka wapi?

Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa lipu ya saruji na mchanga hubeba mzigo vizuri. Ukuta wa kugawia vyumba uliotengenezwa kwa ubao wa jipsamu una uwazi ndani, na msumari wa kawaida hauna pa kushika; huo huhitaji skrubu na plagi maalumu za kutanuka nyuma ya ubao, au skrubu iliyopigwa kwenye nguzo ya ndani. Ukigonga kwa kidole na kusikia mlio mtupu, ujue ni wa aina hii.

Unyevu ni adui mkubwa, na katika miji ya pwani hauishi. Ukuta unaotoa unga mweupe wa chumvi, au ambao rangi yake inavimba na kubanduka karibu na sakafu, haufai kupambwa mpaka chanzo cha maji kipatikane na kuzuiwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Atakayeuficha ufa huo kwa vigae, atakuja kujenga ukuta na kununua vigae vingine.

Wanaoishi katika nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Kuta hizo hupumua: maji huingia na kutoka kupitia chokaa. Zikifunikwa kwa saruji na vigae, unyevu hufungiwa ndani, lipu hupasuka na hata vichwa vya boriti huanza kuoza. Katika nyumba za namna hiyo, pambo linalofaa ni sahani chache za kutundika au bakuli ndani ya vidaka vilivyopo. Aidha, miji hiyo miwili imo katika orodha ya Urithi wa Dunia, Zanzibar tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, hivyo ukarabati wake una taratibu za kufuatwa.

Swali la tatu ni la macho. Katika kila chumba upo ukuta mmoja ambao mgeni huuona kwanza anapovuka kizingiti. Huo ndio unaostahili pambo. Kuta nyingine tatu ziachwe zipumzike, kwa kuwa chumba kilichopambwa pande zote nne humchosha anayekaa humo. Kizuri chajiuza, na sahani moja nzuri mahali pake haihitaji kusindikizwa na nyingine ishirini.

Kupanga sahani

Sahani zinaweza kupangwa kwa mstari, kwa safu za mraba, au kwa kuzunguka moja kubwa iliyo katikati. Kwa anayeanza, ni rahisi kuchagua kitu kimoja kitakachoziunganisha: rangi, umbo, au mchoro. Sahani za ukubwa tofauti zikiwa zote za buluu na nyeupe huonekana kama ndugu. Sahani za rangi saba tofauti, lakini zenye kipimo kimoja, nazo hupatana. Zikitofautiana kwa kila kitu, ukuta huwa kama meza ya mnada.

Kanuni ya vipimo ni kama ifuatavyo. Katikati ya pambo zima kuwe na urefu wa sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, ambao ni usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Iwapo pambo liko juu ya kochi au kabati, sahani ya chini iachane na samani kwa sentimita 20 hadi 25. Kati ya sahani na sahani, nafasi ya sentimita 5 hadi 8 hutosha.

Ili kuepuka kutoboa ukuta ovyo, chukua magazeti ya zamani, weka kila sahani juu ya karatasi, chora mzingo wake na ukate. Bandika miduara hiyo ukutani kwa gundi ya karatasi, kisha rudi nyuma hadi mlangoni na utazame. Iache kwa siku moja au mbili, asubuhi na jioni, na uihamishe mpaka uridhike. Ndipo utie alama ya penseli mahali pa kutoboa, kupitia karatasi hiyohiyo.

Mwanga nao una sehemu yake. Kauri inayong'aa ikiwekwa kinyume cha dirisha kubwa hurudisha mwanga machoni, na mchoro wake hauonekani. Taa ndogo inayomulika kutoka juu, kwa pembe, huonyesha mchoro na mabonde ya chombo bila ya kuumiza macho.

Kutundika kwa usalama

Sahani yenye kipenyo cha sentimita 30 inaweza kufikia uzito wa kilo moja au kuzidi. Ikianguka kutoka urefu wa mtu, haivunjiki tu, bali hutawanya vipande vyenye makali kama kisu. Kwa sababu hiyo, kauri haitundikwi juu ya kichwa cha kitanda, juu ya kitanda cha mtoto, wala juu ya mlango unaofungwa kwa kishindo. Sehemu hizo tatu ziachiwe picha nyepesi au kitambaa.

Wazee walikuwa na njia yao ya kutundika. Walitoboa tundu katika kile kikalio cha mviringo kilicho nyuma ya sahani, wakapitisha uzi na kuufunga kwenye msumari. Njia hiyo haifai leo, kwa sababu kutoboa sahani kunahitaji ufundi na huiharibu thamani yake. Vipo vishikizo vya waya vyenye springi, ambavyo hukumbatia sahani kwa kulabu nne. Mnunuzi ahakikishe kishikizo kinalingana na kipenyo cha sahani, na kwamba kulabu zake zimefunikwa kwa plastiki ili zisikwangue ukingo.

Vipo pia vishikizo vya duara vyenye gundi, vinavyobandikwa nyuma ya sahani na kufichika kabisa. Hivi hupendwa kwa kuwa havionekani, lakini vina masharti: nyuma ya sahani paoshwe na kukauka, gundi iachwe ikauke kwa saa 24, na uzito ulioandikwa kwenye pakiti usizidishwe. Katika joto na unyevu wa pwani gundi hulegea kadiri muda unavyokwenda, hivyo ni busara kuikagua mara kwa mara na kutoitumia kwa sahani nzito au ya urithi.

Upande wa ukuta, msumari wa zege unatosha kwa sahani ndogo. Kwa sahani kubwa, toboa kwa drili, ingiza plagi ya plastiki, kisha skrubu. Kabla ya kutoboa, tazama zilipo swichi na soketi. Kwa kawaida nyaya za umeme hupita wima au mlalo kutoka hapo, kwa hiyo usitoboe juu yake, chini yake, wala ubavuni mwake katika mstari ulionyooka. Bafuni na jikoni, hadhari hiyohiyo ihusu mabomba ya maji.

Vigae vya ukutani

Vigae, ambavyo wengi mjini huviita marumaru ingawa marumaru halisi ni jiwe, vimekuwa rahisi kupatikana tangu viwanda vya kuvitengeneza vilipojengwa mkoani Pwani nchini Tanzania na katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya katika miaka ya 2010. Matokeo yake ni kwamba vimetoka bafuni na jikoni, vikaingia sebuleni, kwenye ngazi na hata barazani.

Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni uzito. Kigae cha unene wa milimita 8 hufikia kilo 18 hadi 20 kwa kila mita moja ya mraba, bila ya kuhesabu gundi. Ukuta uliomaliziwa kwa lipu ya jipsamu haupaswi kubeba zaidi ya kilo 20 kwa mita ya mraba, gundi na saruji ya mianya vikiwamo. Ubao wa jipsamu uliofungwa vizuri unaweza kubeba hadi kilo 32. Vigae vikubwa na vinene vya sakafuni vikipandishwa kwenye ukuta wa namna hiyo, kubanduka kwake ni suala la muda tu.

Kosa jingine ni kubandika vigae juu ya rangi au juu ya ule unga laini unaotumiwa kulainisha kuta kabla ya rangi. Kigae hushika kile kilicho nyuma yake moja kwa moja. Kama nyuma yake kuna rangi, rangi ndiyo itakayobanduka ikiwa imekishikilia kigae. Fundi anapaswa kukwangua mpaka aifikie lipu ya saruji, aondoe vumbi, ndipo aanze kazi. Lipu mpya nayo ipewe muda wa kukauka: wiki mbili kwa uchache, na wiki nne ni bora zaidi.

Wakati wa kununua, soma namba ya mkupuo iliyoandikwa kwenye boksi. Vigae vya jina moja lakini vya mikupuo tofauti hutofautiana rangi kidogo, na tofauti hiyo haionekani dukani bali huonekana ukutani. Ongeza asilimia 10 ya idadi unayohitaji, kwa ajili ya vitakavyovunjika na kukatwa, na uhifadhi vichache kwa matengenezo ya baadaye.

Wakati fundi anafanya kazi, mwenye nyumba anaweza kukagua mambo manne bila ya kuwa mjuzi. Mosi, pima maji na timazi vitumike katika kila safu. Pili, gundi isambazwe nyuma ya kigae chote, isiwekwe madonge matano tu kwenye pembe na katikati. Tatu, kuwe na mwanya wa milimita mbili au tatu kati ya kigae na kigae. Nne, baada ya gundi kukauka, gonga kila kigae kwa sarafu. Kinachotoa mlio mtupu hakijashika, na kitolewe kabla ya mianya kujazwa.

Ama kuhusu urembo, kigae chenye nakshi nyingi kinapendeza zaidi kikipewa eneo dogo: nyuma ya jiko, pembeni mwa kioo cha bafuni, au kwenye vipandio vya ngazi. Ukuta mzima wa nakshi kali katika chumba kidogo huufanya uonekane unakusogelea.

Kidaka katika nyumba ya leo

Kwa anayejenga sasa, njia iliyo bora kuliko zote ni ileile ya Lamu. Mweleze fundi tangu mwanzo kwamba unataka kidaka, na umpe vipimo vya chombo. Tofauti ni kwamba kuta za mawe za zamani zilikuwa nene, ilhali ukuta wa tofali za inchi sita hauruhusu kidaka chenye kina kinachozidi sentimita 10 hivi, na kidaka kipana huhitaji kizingiti cha zege juu yake. Ukuta uliokwisha kujengwa usichimbwe bila ya ushauri wa fundi anayejua ni upi unaobeba paa au ghorofa.

Pale isipowezekana kuchimba, vidaka hutengenezwa kwa fremu na ubao wa jipsamu mbele ya ukuta. Hivi vinatosha kwa bakuli na vyungu vyepesi, na faida yake ni kwamba chombo hukaa kwa miguu yake mwenyewe badala ya kuning'inia. Vyungu vya kufinyangwa kwa mkono, ambavyo havina umbo la kutundikwa, hupata makao mazuri humo.

Wanaoishi katika nyumba za kupanga, ambako mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe, wana njia zao pia. Kabati jembamba au rafu inayosimama sakafuni, yenye mfereji mdogo wa kuzuia sahani isiteleze, hufanya kazi ya ukuta. Siku ya kuhama, pambo lote hufungwa katika kanga na kuondoka na mwenyewe.

Sahani za bibi na sheria ya mambo ya kale

Kadiri pambo hili linavyopendwa, ndivyo sahani za zamani zinavyotafutwa. Katika miji ya pwani, si jambo geni mnunuzi kubisha hodi na kumshawishi mzee auze sahani zake kwa bei ya sufuria mpya. Familia hushtuka baadaye, wakati zile sahani zimekwisha kuvuka mpaka.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye magofu. Katika makaburi na misikiti mingi ya kale ya pwani, bakuli zilizopachikwa zimeng'olewa, na kilichobaki ni alama za mviringo ndani ya chokaa, kama matundu ya macho. Chombo kikishatolewa mahali pake, hakisemi tena kilipachikwa na nani, kwa heshima ya nani. Kinakuwa sahani tu kama sahani nyingine.

Sheria zipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavilinda vyombo vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inaweka masharti juu ya kuviuza na kuvipeleka nje ya nchi. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inavitambua kuwa mambo ya kale vyombo vilivyotengenezwa nchini humo au kuingizwa kabla ya mwaka 1895. Zanzibar nayo ina sheria yake. Anayeuziwa kipande cha kaure chenye chokaa iliyoganda nyuma yake na asiulize kimetoka wapi, anashiriki kuibomoa historia anayodhani anaipamba.

Mwenye sahani ya urithi hana haja ya kuiuza wala kuificha kabatini. Aipige picha mbele na nyuma, aandike aliyoyasikia kwa wazee kuhusu ilikotoka, kisha aiweke mahali salama inapoonekana. Akitaka kujua umri wake, makumbusho za taifa zina wataalamu wa kuitambua alama iliyo chini yake.

Kuitunza

Kauri haihitaji matunzo makubwa. Vumbi lifutwe kwa brashi laini au kitambaa kikavu mara moja kwa wiki. Sahani zenye utando wa kioo zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, katika beseni la plastiki lenye taulo chini yake. Vyungu visivyo na utando visilowekwe. Siki na ndimu, ambazo wengine huzitumia kusafishia vigae, hula saruji ya mianya na lipu ya chokaa, hivyo ziepukwe.

Mara moja kwa mwaka, shusha kila sahani, kagua kishikizo chake, tikisa skrubu na utazame kama kuna ufa. Kazi hii haichukui zaidi ya asubuhi moja, na inalinda mali, watoto na usingizi wa wenye nyumba.

Wajenzi wa Lamu na Kilwa hawakuwa na drili wala gundi za viwandani, lakini walijua kwamba chombo kizuri huanza kwa kuandaliwa mahali. Anayetaka kuupamba ukuta wake leo na aanze walipoanzia wao: aujue ukuta, aupime, aukaushe, autilie mahali pa kushikia. Sahani ije baadaye, na moja inatosha kuanzia.